Timba la Nne

Mwenyekiti Masalu alijifunga kamba kiunoni, akashuka hadi chini ya duara, shimo la dhahabu la mita kumi na mbili. Ndiyo desturi ya Umoja wa Mafundi wa Matimba pale Nyarugusu: anayeomba ufundi hupanga matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, kisha mwenyekiti hukaa chini yake huku magogo yakigongwa.

Eliya, mwombaji wa siku hiyo, alisimama mdomoni mwa shimo. Mara mbili Masalu alikuwa amemwangusha kwenye mtihani huu. Mara ya pili alimwambia mbele za watu arudi Tinde akachunge ng'ombe, maana zizi likianguka haliachi wajane. Watu walicheka.

Leo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Bila alama ya Umoja, hakuna mwenye duara angempa kazi. Na anayesimamisha mtihani wake mwenyewe, amejifuta kwenye orodha ya Umoja.

Sostenes, fundi ambaye masikio yake yaliharibiwa na baruti, aliteremka kwa ngazi, kamba kiunoni na nyundo mkononi. Kila timba mapigo matatu. La kwanza likaitika vizuri. La pili. La tatu.

La nne likatoa sauti butu, kama kibuyu chenye ufa.

Eliya aliganda. Gogo hilo alilichagua mwenyewe, akaligonga jana likiwa zima kabisa. Alikosea wapi? Sostenes hakusikia kitu. Alikuwa anainua nyundo tena. Yalibaki mapigo mawili tu. Huenda lingehimili. Na aliyekaa chini ni yule yule aliyemfanya kichekesho.

Eliya aliivuta kamba ya Sostenes kwa nguvu.

"Simamisha. Timba la nne bovu. Mtoeni mzee."

Sostenes alipanda kwanza, kisha wakamvuta Masalu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Umejifuta kwa mdomo wako," Masalu alisema. "Unajua?"

"Najua, mzee."

Masalu alijipangusa uso taratibu. Akachukua chuma cha kupigia alama ya Umoja, akakiweka mkononi mwa Eliya.

"Kabadilishe hilo timba, fundi. Nililitia msumeno mwenyewe alfajiri, kabla sijashuka."