Mvunja Amri

Alizungusha ufunguo mara mbili, akauchomoa na kuutia mfukoni.

"Mwanangu, nifungulie," mama yake alisema nyuma ya mlango. Sauti haikuwa na hasira bado. "King'ora kimeshalia."

"Ndiyo maana nimefunga, Mama."

Mtaani walimwita Fundi, kwa ajili ya cherehani yake. Tangu ugonjwa uingie na Serikali kupiga marufuku watu kutoka nje jioni, alikuwa akishona barakoa sebuleni na kumtazama mama yake akigeuka mtu mwingine. Mchana mama alikuwa mzima: alipika, alikata nyuzi, alitania. Lakini king'ora kikilia tu, mtaa mzima ukijifungia, yeye alibeba kiti cha plastiki akaenda kuketi nje ya geti, uso kaelekeza darajani. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Mbele yake ni daraja na mto, basi.

Kila jioni askari wa zamu, akielekea darajani peke yake, alimkuta pale. Jibaba refu, macho mekundu, halicheki. Watu walimpachika jina la Filimbi, maana aliipuliza hata kwa paka.

"Mama, ingia ndani! Amri ni amri!"

"Nitaingia. Kwanza niambie, umekula?"

"Nitakukamata!"

"Nikamate. Ila hicho kirungu niachie, nipate cha kuanikia nguo. Wanao hawajambo?"

Fundi alikuwa akichungulia dirishani kwa hofu. Kuna watu waliovunjwa mikono kwa kosa dogo kuliko hilo. Filimbi alifoka, akaligonga geti kwa kirungu, halafu, kama mtu aliyeishiwa nguvu, akajibu. Wanawe hakuwa amewaona tangu askari wote wahamishiwe kambini, wasije wakapeleka ugonjwa majumbani. Yule mdogo kabisa alikuwa amekataa kuzungumza naye kwenye simu. Mama aliuliza hili, akauliza lile, mpaka gari la doria likaja kumchukua askari wake. Hapo ndipo aliponyanyua kiti.

"Kesho nikikukuta hapa utalala rumande!"

"Utanikuta. Wewe tu usikose."

Fundi alishindwa kuvumilia. Alipiga ile simu ya msaada iliyotangazwa redioni kwa ajili ya watu walioelemewa na mawazo. Mshauri alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Wazee wengi wamechanganyikiwa na huku kufungiwa, dada yangu. Akihatarisha maisha yake, mzuie kutoka. Kwa upole."

Leo basi alikuwa amemzuia.

"Anakuja," mama alisema. Sasa alikuwa akigonga mlango kwa viganja. "Usinifanyie hivi, mwanangu. Nakuomba."

Filimbi alitokea kwenye kona. Hakupuliza kitu. Alifika getini, akasimama akipaangalia pale ambapo kiti kilikuwa kikikaa.

"Mama yuko wapi?"

Fundi alitoka, akamjibu akiwa ndani ya geti. "Nimemfungia chumbani, afande. Tusamehe sana. Ni umri, na haya mambo ya kukaa ndani, kichwa kimeyumba. Hatakusumbua tena."

"Hatatoka tena?"

"Hata kidogo. Nakuahidi."

Filimbi aliitikia kwa kichwa. Alibaki pale kitambo, kama anayetafuta jambo jingine la kuuliza asilipate.

"Nisalimie Mama," alisema, akashika njia.

Fundi aliona kama ametua mzigo wa mawe. Alirudi ndani karibu akicheka. "Amekwenda zake, Mama. Hata hakufoka."

Viganja vikanyamaza.

"Amekwenda wapi?"

"Amenyoosha darajani."

Mlango ulitikisika kama umepigwa na bega la mwanamume. "Fungua! Fungua upesi!" Fundi hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mama yake. Ufunguo ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Mlango ulipoachia, mama alimpita bila kiti, bila viatu, akatoka getini na kukimbia katikati ya barabara tupu, miguu ile ya kizee ikipiga lami. Fundi alimfuata mbio, akimwita, akilia, hana hakika gari la doria litawakuta wapi.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado haujaisha. Pale darajani Filimbi alikuwa amekwisha kuvuka ukingo. Alisimama upande wa mto, mgongo kwao, mikono nyuma imeshika chuma.

"Afande!" mama alipaza sauti, pumzi zikimkatika. "Niko nje! Nimevunja amri tena! Njoo unikamate, baba!"

Mkono mmoja ulikuwa umeshaachia chuma. Polepole, ukarudi ukakishika.