Hodi ya Nne

Kila Jumatano baada ya adhuhuri Mzee Kibwana alikwenda kwenye duka la kompyuta la Bi Salha, akaketi kwenye mashine ya dirishani na kufungua ukurasa mmoja tu, ule ambao binti yake Rukia anauzia keki huko ng'ambo. Hakumwandikia neno. Alimtazama pichani na aproni yake, kisha akaenda zake.

Leo ukurasa haukufunguka. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikapotea.

"Mashine yako inaumwa, Bi Salha?"

"Nzima, mzee wangu. Ukibonyeza hapa, ombi lako linatoka, linapanda mnara ule wa simu, linapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari mpaka kwenye kompyuta inayotunza ukurasa wa Rukia. Huko ndiko wanakoitika. Leo hawaitiki."

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa napiga hodi."

"Ndiyo."

"Naye alijua ni mimi?"

"Pengine alijua kuna mtu amefika. Nani, hapana."

Mzee alibonyeza mara ya pili. Kimya. Ya tatu, kimya vilevile. Hodi ni tatu, asiyeitikiwa hurudi alikotoka, na yeye tangu utoto hakuwahi kuivuka hesabu hiyo. Alichukua bakora yake, akafika mlangoni.

Kisha akarudi, akaketi, akabonyeza tena.

"Hodi, mwanangu," alisema kwa sauti. "Ni mimi, baba yako."

Kiduara kikaanza kuzunguka.