Utepe wa Gari la Harusi

Mbaraka alikuwa ameshalifunga gari lake utepe mwekundu, kutoka taa hii hadi taa ile, shangazi wa bibi harusi alipotoka nje amekunja uso.

"Ufungue, kaka yangu. Mwanangu atapanda lile." Akanyoosha kidole kwenye gari jeusi, refu kwenda juu, lililosimama nyuma kama ghala.

"Tulishaelewana, Bi Mwanashehe! Hili lina viti vya ngozi, na mbio zake unazijua!"

"Haya magari ya chini yamepitwa na wakati. Hata viwandani nasikia wanaacha kuyatengeneza."

"Wewe mwenyewe ulikwenda kwa mumeo ndani ya hili hili! Siku ile mbona hukuliona la chini?"

Wanawake wa harusini walikwisha kuushika utepe. Mbaraka akawaondoa, akaufungua mwenyewe, akautupa miguuni pao. Wakaukimbiza kwenye gari refu. Haukutosha, ulipungua shibiri nzima. Wakauvuta, ukakatika.

Mbaraka akaingia garini, akabamiza mlango, akawasha. Injini ikanguruma mtaa mzima, vigelegele vikanyamaza.

Kando ya gari refu, bibi harusi alikuwa ameinua mguu, gauni amelikusanya mkononi, akitafuta pa kukanyaga ili apande.

"Kigoda! Leteni kigoda!" shangazi alipiga kelele.

Mguu ukashuka, ukarudi vumbini. Bibi harusi akageuka kulikotoka ngurumo ile. Mbaraka alimwona kwenye kioo. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, lakini mguu wake haukutoka kwenye breki.