Shina la Mgomba

Mchana kweupe, Pétronille alitwaa jembe la jirani akaenda kufukua kaburi lake mwenyewe.

Habari aliipata asubuhi ile ile kwa Inamahoro, muuza samaki wa Mulongwe.

"Mama yako amekuzika jana," Inamahoro alimwambia bila kuinua macho. "Nyuma ya kanisa yao. Walilia kabisa. Na yeye mwenyewe mama Bernardine akasema mbele ya watu wote: minye namujua ule mutoto, atakuja na jembe. Akuje tu."

"Amesema vile?"

"Vile vile. Dada, weye achana nayo. Waasi ya Simba wameshapita Sange, watakuwa hapa leo ao kesho. Wanatafuta watu ya biro. Kimbilia Burundi."

Pétronille ndiye aliyekuwa akipiga mashine ya kuandika katika biro, ile ofisi ya serikali ya teritwari, na kila mtu Uvira alijua. Lakini hasira ina masikio gani? Alikwisha kushika jembe.

Watu wa Njia, ndivyo walivyoitwa hao waliomzika. Chini ya mzee Sévère hawakula samaki asiye na magamba. Hawakumeza kinini, hata homa iwatetemeshe mpaka kitanda kilie. Uongo hawakusema, heri wakatwe ulimi. Aliyetoka kwao hakusemeshwa tena na mtu, na asiporudi, mama yake alifunga shina la mgomba ndani ya mkeka, peke yake, akalishusha kaburini kwa mikono yake. Tangu siku hiyo mtu huyo alikuwa maiti.

Pétronille alitoka mwaka wa uhuru, wiki ile mdogo wake Kizito alipokufa kwa homa huku Sévère amesimama mlangoni, amemzuia muuguzi asiingie na dawa zake. Mama alikaa kitandani akamshika mtoto miguu.

Tangu hapo Pétronille alianza kuamini upya, kidogo kidogo, kama watu wa Mulongwe wanavyookota matofali yao mto ukishapungua. Alimbakiza Mungu, ila si yule anayekagua magamba ya samaki. Kinini aliiamini sana. Jambo la tatu hakumwambia mtu yeyote: kwamba iko siku mama angemwita tena kwa jina lake. Miaka yote hiyo wazee walimsukuma Bernardine amzike binti yake, naye alikataa, na huko kukataa ndiko Pétronille alikokushikilia. Sasa na hilo wamelifukia.

Alipita kando ya mto, akatokea kwenye migomba nyuma ya kanisa. Kaburi lilikuwepo kweli, udongo bado mbichi, na msalaba wenye jina lake. Aliinua jembe.

Ndipo aliposikia kelele. Akarudi mbio ndani ya migomba, akachuchumaa.

Wakaja vijana wa Simba, wenye majani kichwani na mikuki mkononi, mmoja wao na bunduki. Mbele yao alitembea mama yake. Kichwa chake kilikuwa wazi, bila kile kitambaa cha bluu ambacho hakukivua hata usingizini. Ananiombolezea, Pétronille aliwaza.

"Mutoto yako ile wa biro iko wapi?" aliuliza mwenye bunduki.

"Iko hapa." Bernardine alionyesha msalaba. "Alikufa. Minye mwenyewe nilimuzika."

"Udongo ni mupya."

"Kufa yake ni mupya."

Mwingine, mtoto wa hapo hapo Mulongwe, akanong'ona: "Kamanda, huyu ni mutu ya Njia. Hawa hawasemaka uongo."

Kamanda bado aliukazia macho udongo.

"Kama munakatala, mufukue," Bernardine alisema. "Mutamutosha inje na mikono yenu."

Wote wakarudi nyuma. Walikuwa wamerashiwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na miiko ya dawa hiyo ilishinda hata ya Sévère. Wasiguse mwanamke, wasiguse maiti, la sivyo maji yanaharibika. Pétronille nusura acheke kule alikojificha. Wajinga kwa wajinga!

Wakaondoka. Bernardine alisimama kidogo akiangalia msalaba, kisha naye akaenda zake. Kwenye migomba hakugeuza jicho.

Pétronille hakuona sababu ya kushukuru. Ashukuru nini? Mama hakudanganya ili amwokoe, alisema tu kile alichokiamini. Kwake yeye, binti alikuwa ameoza chini pale. Maisha yake yalikuwa yameokolewa na upuuzi ule ule uliomuua Kizito, na hilo lilimchoma kuliko mkuki.

Akalima kaburi kama mtu anayeua nyoka. Alimtukana Sévère, akamtukana Mungu wa Sévère, akamtukana na mama yake mzazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikusudia kulitoa lile shina na kulitupa mlangoni mwa kanisa, halafu asimame pale, waione maiti yao inatembea.

Jembe likagusa mkeka. Akapiga magoti, akauvuta, akakata kamba zake.

Hapakuwa na mgomba. Palikuwa na kitambaa cha bluu kilichofungwa fundo, na ndani yake kambale waliokaushwa, wasio na gamba hata moja, na kinini za kutosha mpaka Burundi.