Ukuta wa Samadi

"Ukuta huu una miaka elfu nne na mia tano," alisema Raghavan, akinyooshea kidole mavi ya ng'ombe.

Rajbala aliuma upindo wa mtandio asicheke. Na hapakuwa na la kuchekesha. Aliolewa juzijuzi tu, na ikithibitika kwamba uani kwa mama mkwe wake pamelala mji wa kale, nyumba itavunjwa kama zilivyovunjwa za jirani, nao watatupwa kwenye vyumba vya serikali visivyo hata na pa kufunga ng'ombe.

Raghavan, mtaalamu wa kompyuta kutoka kusini mwa nchi, aliyetumwa na idara ya mambo ya kale, alikuwa amerusha droni juu ya kijiji kizima. Akili mnemba yake ilizisoma picha kwa dakika kumi na moja, kazi ambayo, alijigamba, ingewatoa wachimbaji jasho miaka kumi. Ikatoa jibu: ukuta, mita ishirini, uhakika asilimia tisini na sita.

"Mwanangu, hiyo ni bitora," alisema Bhateri, mama mkwe. "Samadi ya kupikia. Tunaikausha, tunaipanga, tunaikandika isinyeshewe. Kwani nyie kwenu mnapikia kompyuta?"

Majirani waliojazana mlangoni wakaangua kicheko.

"Bibi, mashine hii imefundishwa kwa picha laki mbili."

"Laki mbili, na hata moja ya mavi hamna? Maskini! Haya, tia mkono uone."

Akatia. Bonge la juu likamvunjikia kwenye shati jeupe. Akaupiga teke msingi wa rundo kwa hasira, kisha akainama kuchungulia. Bhateri akamdaka mkono.

"Huko chini hulala swila, baba. Nikamwambie nini mama yako?"

Raghavan alinawa mara tatu. Akaifuta alama nyekundu kwenye ramani, akaandika: "Kosa la mashine. Hakuna mabaki." Akatia saini, akaingia garini bila kuaga.

Rajbala alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Nyumba imepona!

"Mama, kumbe mashine yenyewe bwege hivyo!"

Bhateri hakucheka. Alikuwa amepiga magoti pale teke lilipobomoa, amepakinga kwa upande wa sari, macho yakiwa kwa majirani wanaotawanyika.

"Bwege ni yeye. Mashine haikukosea hata hatua moja," alinong'ona. "Lete samadi mbichi upesi, mwanangu, matofali yanaonekana."