Bendera Kichwa Chini

Vukoman hakuwa na mke, hakuwa na gari, wala hakuwa na meno ya mbele ya kupasulia mbegu za alizeti kama wenzake jukwaani. Alikuwa na bendera tu, bendera ya kundi lao la mashabiki wa soka, iliyoshonwa na marehemu mama yake. Ikitekwa na wapinzani, kundi linavunjwa siku hiyohiyo; ndiyo desturi.

Juzi aliifua kwa ajili ya mechi, akaianika kwenye roshani. Kulipokucha, alikuta kamba tupu.

Sasa, uwanjani, mashabiki wapinzani wa ng'ambo ya Mto Morava waliikunjua kichwa chini. Kiraka chekundu, kilichokatwa kwenye aproni ya mama, kilionekana waziwazi.

"Babu, shuka lako hili! Umelikojolea?" walimzomea, kisha wakaitia moto.

Vukoman aling'ang'ania wavu wa chuma. Upande wa pili walijipanga polisi.

"Hatuwezi kusema ni ya bandia?" aliuliza.

"Mzee wangu, kiraka hicho nani asiyekijua?" kiongozi wa kundi lake alijibu huku akilia. "Waandikie klabu. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Jioni hiyo aliandika mstari mmoja: kundi letu limevunjwa. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.