Ukoko

Mtandao wa kijamii aliouzoea Tunu ulikuwa unafungwa jioni ile, na fundi Kombo alimwonyesha miwili ya kuhamia.

"Ukienda huu, marafiki watakufuata ila maandishi yatabaki. Ukienda ule, utabeba maandishi yako yote."

"Na majibu ya marehemu mume wangu?"

Kombo alishusha sauti. "Yale ni yake, mama. Kuyahamisha ni mpaka yeye mwenyewe."

Tunu alifungua picha ya sufuria ya pilau aliyoiweka zamani. Chini yake mumewe alikuwa ameandika: "Nibakishie ukoko, nipo njiani."

Kombo alimsogezea simu achague. Tunu hakuchagua. Aliandika chini ya maneno yale, "Nimekubakishia," akatuma, akakaa akiitazama skrini kama anayesubiri hodi.